Jioni Nilizokuwa Baba

Kabla mdogo wangu hajamjua baba yetu, alinijua mimi nikiwa baba. Nilikuwa na miaka kumi hivi, msichana mwenye miguu mirefu kuliko mwili, na karibu kila jioni nilitoka nje ya ua wa minyaa, nikavaa katambuga za mwanaume, nikaingia tena nikikohoa. Mama alipiga magoti akanisalimia. Bibi aliniletea kigoda. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule, nimepika machimboni, nimevuna pamba ya watu Mwamanyili, nimeuza dagaa, nimefagia kanisa ambalo si la dhehebu langu, na sijapata kazi nyingine niliyoijua kama ile.

Kwetu ni kijijini, nje ya mji wa Bariadi, kwenye udongo mweusi unaong'ang'ania miguu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Siku hizi wanaandika mkoa wa Simiyu. Sisi tuliandikwa Shinyanga, na ukitaja Simiyu mtu alijua unasema mto. Nyumbani tulikuwa mama, bibi mzaa baba, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa ameondoka.

Msimu alioondoka, chama cha ushirika hakikuja kuchukua pamba. Tulizoea kuipeleka pamba ghalani na kuisahau, lakini mwaka ule ghala lilikuwa limefungwa, na pamba ikabaki nyumbani. Ilijaa chumba cha mbele mpaka karibu na paa. Tulilala juu yake, mimi na mdogo wangu, tukizama na kuibuka. Mimi niliona ni sikukuu. Baba alisimama mlangoni akiitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Kisha akasikia kwamba upande wa Geita watu wanachimba dhahabu, kwamba sasa kila kitu ni ruksa, neno lililokuwa midomoni mwa watu wote miaka ile, hata sisi watoto tuliliimba tukiruka kamba. Akaondoka na jirani kwa baiskeli kwenda kutafuta lori Nyashimo, kwenye barabara ya Mwanza. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Katambuga zake za tairi akaziacha chini ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya.

Picha ya baba hatukuwa nayo. Salamu zilikuja mara chache, kwa mdomo, kupitia kwa watu waliokuwa wamekutana na mtu aliyekuwa amemwona.

Msimu uliofuata, yule mtoto akiwa anatembea na kusema kila kitu, likaja lori la mnunuzi binafsi. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona pamba inanunuliwa na mtu badala ya chama. Kijana mmoja mrefu akashuka na mizani yake, akaitundika kwenye mti, akaanza kupima gunia moja moja huku akitaniana na akina mama. Mdogo wangu akamwendea, akamshika suruali, akasema, "Baba."

Kwetu kumwita mwanaume yeyote wa umri ule baba ni adabu tu. Lakini mtoto yule siku ile hakuwa na adabu, alikuwa na hakika. Hakuachia suruali. Lori lilipoondoka alilikimbilia mpaka akaanguka, akalia akigaragara njiani.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Wifi, huyu wako hana subira! Ameshajichagulia mwenyewe."

"Na amechagua mwenye lori! Mtoto ana akili."

Mama alicheka nao. Jioni hakula. Alikaa na bibi jikoni, nami nilikuwa napepeta mtama, nikamsikia akisema polepole, "Mayu, akirudi, mtoto huyu atamkimbia." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyomwita mkwe wake. "Na yeye akiona mtoto wake anamkimbia, atakaa hapa kwa nani?"

Bibi akasukuma kuni motoni. Alimjua mwanawe.

Kesho yake jua lilipopungua, mama aliniita uani.

"Tembea kama baba yako."

"Kama baba?"

"Si umechukua miguu yake. Toka nje ya minyaa, uingie kama yeye."

Nikatoka. Nikaingia nimetoa kifua, nimekaza shingo, mikono mbali na mwili.

"Huyo ni mgambo," mama akasema. "Rudi nje."

Nikaingia tena.

"Huyo sasa ni jogoo," bibi akasema. "Jogoo wa mjini."

Mama akaingia ndani, akatoka na zile katambuga, akazipiga pamoja kuondoa vumbi na mayai ya buibui. Miguu yangu ilielea ndani yake. Ili zisinitoke ilinibidi niburute, na hasa mguu wa kushoto ukawa unachelewa kidogo nyuma ya mwingine. Nilipoingia safari ile bibi aliacha kutafuna tumbaku. Baba alipigwa teke na maksai utotoni, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unachelewa vilevile.

"Sasa kikohozi," mama akasema.

Hapo ndipo ninapotaka kueleza jinsi mwanaume wa kwetu anavyoingia kwake akitoka safari, maana bila hilo mchezo wetu hautaeleweka. Haingii moja kwa moja. Anasimama kwenye mwanya wa ua, anakohoa kikohozi kifupi cha kubisha. Mke anakuja, anapiga magoti, anasalimia, mwadila, ndiyo salamu yetu, naye anaitikia. Anapewa kigoda. Halafu anauliza habari, na habari zina mstari wake. Kwanza ng'ombe: wamekunywa, nani amezaa, nani anachechemea. Halafu mvua. Halafu wazee. Watoto wanakuja mwisho, tena kwa pamoja, kama kuku: hawa nao hawajambo? Si kwamba hawapendi. Mwanaume anayekimbilia mtoto kabla hajauliza ng'ombe, watu wataona ameolewa.

Mama alinifundisha yote hayo, kikohozi, kigoda, fimbo inaegemezwa wapi. Lakini tulipofika kwenye habari akanisimamisha.

"Usianze na ng'ombe. Ukishasalimiwa, angalia huku na huku, kama mtu aliyepotelewa. Useme: Yuko wapi niliyemfuata?"

Bibi akageuka mzima mzima. "Mwanangu hajawahi kusema hivyo tangu nimzae."

"Kwenye mchezo anasema."

"Unamtengeneza mtu mwingine, wewe."

"Mayu, wewe utakuwa ng'ombe," mama akasema, na bibi, nadhani kwa mshangao, akakubali. Akawa ng'ombe mzuri mno. Alikaa pale karibu na kinu akitafuna tumbaku yake na kuguna kila nilipopita, na nilipofika kumuuliza kama amekunywa maji alisema, "Ng'ombe hasemi. Mtazame macho."

Mara ya kwanza niliposema yale maneno mdogo wangu alijificha. Mara nyingine alichungulia. Halafu ikafika jioni ambapo nilisimama, nikaangalia huku na huku, nikasema, "Yuko wapi niliyemfuata?" na yeye akatoka mbio jikoni akipiga kelele, "Mimi hapa!" Nikamwinua juu mpaka kiuno kikaniuma. Mama alikuwa bado amepiga magoti, akitutazama kutoka chini, na uso wake sijui niuite nini. Nimewahi kukaa kwenye vituo vya mabasi nikitazama nyuso za watu wanaosubiri, nikiutafuta ule uso. Hufanana, lakini si wenyewe.

Mchezo ukaota matawi. Mama alikuwa lori linalokwama kwenye tope, mimi na mdogo wangu tukalisukuma likatema moshi. Alikuwa mnunuzi wa pamba anayebonyeza mizani kwa kidole akidhani hatuoni. Bibi alijibandika pamba kidevuni akawa mume wake marehemu, akatugombeza kwa sauti ambayo mama alisema ndiyo yenyewe kabisa, mpaka mama akaingiwa na kiwewe akataka kuomba radhi. Tulikuwa na mchezo wa kutoka nje na kuingia na mwendo wa mtu wa kijijini, wengine wabuni ni nani. Mdogo wangu alikuwa anaingia kila mara akiwa mbuzi, na kila mara tulijifanya hatujui.

Nikaanza kuwatazama watu. Mwalimu alipoandika ubaoni sikuona alichoandika, niliona bega lake moja linavyopanda. Barabarani niliwafuata wapita njia hatua kwa hatua, nikiwa nyuma yao, mpaka niwe na mgongo wao. Shule niliacha baadaye kidogo, na watu wameeleza sababu nyingi. Mimi nakumbuka tu kwamba kila mtu aliyepita mbele ya dirisha la darasa alikuwa anakwenda mahali, na nilitaka kujua ni wapi.

Lakini michezo yote ile iliishia kwa baba. Mtoto mwenyewe ndiye aliyedai. Alikuwa ananivuta nguo nikiosha vyombo.

"Baba anakuja leo?"

"Anakuja."

"Basi nenda ukamwite."

Nami nikaenda, nikarudi nikiwa baba. Alijua ni mimi, alijua ni baba, na mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwake. Akizisikia katambuga zinapiga ardhi nyuma ya minyaa, anaanza kucheka kabla sijakohoa.

Baba alikuja mchana, bila mtu kututangulizia habari. Tulikuwa tunaanika majani ya kunde. Alikuwa na buti za mpira zisizotoa sauti, redio begani, na amekonda mpaka shati lilikuwa limesimama peke yake. Akasimama kwenye mwanya, akakohoa. Mama akaangusha ungo. Akaenda, akapiga magoti. Alisalimia mara mbili kwa sababu ya kwanza haikutoka.

Bibi alitaka kuinuka, akashindwa, akabaki amekaa, akamshika baba miguu alipomfikia. Mimi nilileta kigoda. Baba akakaa, akaweka redio chini kwa uangalifu, akashusha pumzi.

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Wamekunywa," mama akasema.

"Yule mweusi?"

"Amezaa ndama jike."

"Mvua?"

Mama akaeleza mvua. Baba akamuuliza bibi mgongo wake. Akanitazama mimi, akasema nimekuwa mrefu kama mlingoti. Halafu akamtazama yule mtoto, aliyekuwa nyuma ya bibi ameshika kanga yake.

"Nenda," bibi akamwambia. "Baba yako huyo."

"Siye."

"Siye vipi?"

"Baba ananiuliza mimi kwanza," mtoto akasema, bila kiburi, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Ng'ombe baadaye."

Baba alimtazama mama. Mama alikuwa anaokota majani ya kunde, moja moja, akiyapanga kwenye ungo kana kwamba yana mbele na nyuma.

"Nani amemfundisha haya?"

"Tulikuwa tunacheza tu," bibi akasema.

"Mlikuwa mnaniigiza?"

Hakungoja jibu. Alikwenda zizini kumwona ndama, akakaa huko mpaka jua likashuka.

Siku zilizofuata mtoto alimwita mgeni. Hakumwogopa, na hilo nadhani ndilo lililouma zaidi. Alimheshimu. "Mgeni anataka maji." "Mgeni amelala." Jioni alinijia na katambuga, moja kila mkono. "Niitie baba." Mama akasema hakuna mchezo leo. Akalia, na baba pale kwenye kigoda akiongeza sauti ya redio.

Nilimsikia mama tena kule jikoni. Jirani aliyeondoka na baba alikuwa amerudi pia, na alikuwa anapita nyumbani akisema kuna shimo jipya limetoa dhahabu, kwamba wakiwahi watapata sehemu. Baba hakumkatalia. "Anazifuta buti zake," mama alimwambia bibi. "Kila asubuhi anazifuta. Mtu wa kukaa hafuti buti."

Kisha ikaja jioni ambayo mtoto hakutaka kula. Chakula kilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kitu alichokipenda kuliko vyote, naye akakaa ameligeuzia bakuli mgongo, akililia baba, mbele ya baba. Mama alimbembeleza, bibi alimtisha. Mwishowe baba akazima redio.

"Mwacheni acheze," akasema. "Na mimi nimwone huyo baba."

Nilitoka na katambuga mikononi. Kule nyuma ya minyaa nilitaka kukimbia. Nikavaa. Nikaingia nikiburuta, mguu wa kushoto ukichelewa, na nikasikia mtoto ananyamaza. Nikakohoa.

"Mimi sikohoi hivyo," baba akasema.

"Unakohoa hivyohivyo," mama akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akimpinga. Nadhani hata yeye hakuwa amejisikia.

"Anapunguza," bibi akaongeza. "Wewe unakohoa kama beberu."

"Na huo mguu? Mimi ninavuta mguu?"

"Unavuta."

"Sivuti."

"Mwanangu, nimekulea na huo mguu."

Baba akainuka. "Lete hizo."

Nikavua katambuga, nikampa kwa mikono miwili. Akavua buti zake, akazitupa kando, akavaa katambuga, zikamkaa kama zilizokuwa zikimsubiri, akashika fimbo, akatoka nje ya ua ili atuonyeshe jinsi mtu mzima asiyevuta mguu anavyotembea. Tukazisikia zikienda mbali. Zikageuka. Zikaanza kuja, pa, paa, pa, paa, na ile ya kushoto inachelewa. Bibi alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Mtoto alikuwa amesimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama kuku anayesikiliza.

Baba akakohoa. Kweli, kama beberu.

Mama akaenda kwenye mwanya, akapiga magoti. Ilikuwa mchezo na haikuwa mchezo. "Mwadila," akasema. Baba akaitikia. Kisha akasimama pale, fimbo mkononi, na hasira zilikuwa zimemtoka njiani, akabaki mtu mzima amesimama kwake hajui kinachofuata. Akafungua mdomo, nami nikajua ni ng'ombe wanaokuja.

Nilikuwa karibu naye, kwenye kivuli cha ghala la mtama. Nikanong'ona, "Angalia huku na huku."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. Akaangalia huku. Akaangalia huku.

"Sema: Yuko wapi niliyemfuata?"

Aliyekuwa mbele yake, chini, amepiga magoti, ni mama. Kwa hiyo maneno yale aliyasema akiwa anamtazama yeye, kwa sauti ya chini, nusu nusu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika.

"Yuko wapi... niliyemfuata?"

Mama hakuinua uso.

"Mimi hapa!" mtoto akapiga kelele kutoka jikoni, akatoka mbio, akamparamia, na baba akadondosha fimbo ili ampokee.

Yule jirani alirudi machimboni bila yeye. Msimu ule baba alilima, akauza pamba kwa mwenye mizani, akampigia kelele kuhusu kidole. Buti zile nilizivaa mimi kwenda shule, mpaka zikatoboka.

Mdogo wangu sasa ana mji wake na watoto wake, na nikipita huwa nalala kwake siku kadhaa. Hakumbuki chochote. Nimemsimulia mara nyingi, naye anacheka kwa ukarimu, kama unavyomchekea dada aliyetembea sana na kusikia mengi. Anasema baba alikuwa hivyo siku zote. Anasema alikuwa mwanaume pekee kijijini aliyeuliza watoto kabla ya ng'ombe, na watu walimteta kwa hilo, naye hakujali. Ni kweli, aliuliza hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini baba huyo mimi nilimvaa kabla yake mwenyewe. Naijua mpaka leo namna moyo wake unavyodunda akiwa amesimama nyuma ya minyaa, anasikia watu wake ndani, hajakohoa bado. Nimeishi nyumba nyingi na hakuna niliyoifikia nikiwa na moyo ule.

Jioni ya pili baada ya ile baba alipovaa katambuga, mtoto hakuja kunivuta nguo. Alikuwa zizini, juu ya mabega ya baba mwenyewe. Nilimaliza vyombo, nikakaa. Mama alikuwa anasonga ugali, akiimba puani.

"Leo niwe nani?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kwenye mchezo. Niwe nani?"

Aligeuka akanitazama, mwiko mkononi, na niliona analitafuta jibu kweli, akinipitisha kichwani sehemu moja baada ya nyingine, lori, mnunuzi, babu, na zote zilikuwa zimepata watu au zimekwisha.

"Uwe wewe, mwanangu," akasema. "Haya, kachote maji kabla giza halijaingia."

Nikachukua ndoo. Nilipoivuka minyaa nilijaribu kidogo kutembea kama mimi, nikashindwa kujua natumia mguu gani kwanza. Nikashika mwendo wa dereva wa lori la pamba, yule aliyekuwa akishuka kwa kuruka. Ukaniishia. Nikashika wa mama mmoja wa Kalemela, kule ziwani, aliyekuwa anapita na dagaa kichwani, shingo imenyooka, makalio yakiandika. Huo ulinikaa vizuri. Nilikuwa nafikiria anakolala anapofika mbali, na nani anamfungulia, nilipoona nyumba nisizozifahamu na mbwa wakanibwekea. Kisima kilikuwa nyuma yangu, mbali, na ndoo ilikuwa tupu.